Magoti mawili ya bi mkubwa, moja kwa timazi na moja kwa bawaba: riviu yangu baada ya miaka sita

Naandika hii kwa sababu nimechoka kupokea simu. Tangu bi mkubwa, yaani mama yangu, arudi kutoka India na goti bandia la pili, kila mwenye shangazi anayechechemea hapa Tanga ananipigia mimi, eti roboti ni nzuri, eti wanaukata mguu halafu wanaurudisha (hapana jamani), eti ukishawekewa chuma huruhusiwi kukaa karibu na umeme. Mimi ni seremala, natengeneza milango na makabati, sio daktari. Ila nimekaa nje ya thieta mara mbili, 2018 na 2024, eksirei zote nimezishika kwa mkono wangu, na nimeuliza maswali mpaka dokta mmoja akaniuliza kama natafuta kazi pale. Kwa hiyo riviu ndo hii, isome yote au ruka, lakini usinipigie wakati niko kwenye mashine ya randa.

Mteja kwanza. Mama ana miaka 70, amefanyiwa upasuaji wa kubadilisha goti mara mbili, kushoto 2018, kulia 2024. Ana matege tangu usichana, sio ya uzee, maana kuna picha ya harusi yake ambapo hata kanga haifichi kitu, na babu yetu alikuwa hivyohivyo na mimi mwenyewe nikisimama vizuri ukatazama magotini unaona dirisha. Matege yana tabia moja, uzito wote unapita upande wa ndani wa goti. Ile gegedu laini ya ndani, inayozuia mifupa isigusane, inalika kwanza, inaisha, mfupa unaanza kusaga mfupa, na kadri unavyosaga ndo matege yanavyozidi. Kwenye eksirei yake ya kushoto upande wa nje ulikuwa na nafasi nzuri tu, upande wa ndani mfupa umekaa juu ya mfupa kama kitasa kilichobanwa na kutu.

Halafu tuelewane goti bandia ni nini, maana watu wanafikiri wanatoa goti zima wanatupa. Wanachonga ncha tu, kama milimita nane au tisa hivi kwenye paja, na kwenye muundi, mfupa wa chini ya goti, karibu hivyohivyo. Ncha ya paja inavishwa kofia ya chuma cha kobalti na kromu, muundi unawekewa sahani, mara nyingi ya titani, na katikati inakaa plastiki ngumu ndo inayoteleza. Vinagandishwa kwa simenti, sio ya Simba ya hapa Pongwe, ya kwao. Ngozi, misuli na kano nyingi za pembeni (zile kamba zinazofunga mfupa na mfupa) zinabaki za kwako. Hapo ndipo shughuli yote ilipo, shika hiyo, kwamba vyuma ni vipya lakini kano ni zilezile za zamani na zinakumbuka goti lilivyokuwa.

GOTI LA KWANZA. Hospitali ilikuwa Dar, siitaji jina, na walichofanya kinaitwa mekanikali alaimenti. Mi naita kunyoosha kwa timazi (ule uzi wenye uzito tunaopimia wima) kwa sababu ndicho kitu chenyewe. Unachukua nukta katikati ya nyonga, unateremsha mstari mpaka katikati ya kifundo cha mguu, na goti bandia lazima likae mstari upite katikati yake kabisa, sifuri, mguu umenyooka kama nguzo. Mfupa wa paja wenyewe hauendi na huo mstari, umelala pembeni kidogo, kwa hiyo dokta anaingiza fimbo ya chuma ndani ya tundu la uboho la huo mfupa halafu kifaa cha kuongozea msumeno kinafungwa kwa digrii tano mpaka saba kutoka kwenye hiyo fimbo ili kile kipande kitoke sawa na timazi. Muundi unakatwa mraba, digrii 90 kamili. Njia hii imekomaa tangu miaka ya 1970 kule New York, kwenye hospitali ya Hospital for Special Surgery, mtu anayetajwa sana ni John Insall, na sababu yao ilikuwa ya maana kabisa: plastiki za zamani zilikuwa zinalika, vyuma vinalegea, na wakaona uzito ukigawanyika sawa pande zote mbili basi kitu kitadumu. Seremala yeyote angefikiri hivyohivyo. Rafu ikikaa upande inavunjika upande.

Sasa shida. Binadamu wengi muundi wao haujakaa mraba, umeinama kama digrii tatu kwenda ndani, na paja nalo linafidia kwa kuinama kama digrii tatu upande mwingine, ndo maana mtu anatembea vizuri. Ukiukata muundi mraba umebadilisha mteremko wa goti. Kwa mtu kama mama ambaye ameinama zaidi ya hapo umebadilisha sana, na zile kano hazijui kwamba umebadilisha. Kano ya ndani inajikuta imebana, ya nje imelegea. Basi dokta anaanza kuilegeza ile ya ndani, anaibandua kwenye mfupa kidogokidogo mpaka pande zilingane. Aliponieleza nikacheka moyoni kwa sababu mi nalijua hilo tatizo, nimelilia machozi: unaenda kwenye nyumba ya zamani ya Ngamiani, fremu imekaa upande tangu enzi za babu, wewe umekuja na mlango mpya na timazi lako, unaupachika mlango umenyooka safi kabisa halafu haufungi. Unaanza kupiga randa fremu. Unapiga, unapiga, mwisho unafunga, lakini mwenye nyumba anakwambia fundi huu mlango sio kama ule wangu.

Na mama alisema hivyohivyo bila kujua habari za milango.

Maumivu yaliisha, hilo lazima niliseme kwanza na kwa herufi kubwa, YALIISHA. Yale ya usiku ya kumfanya akae kitandani anasubiri adhana ya alfajiri hayakurudi tena. Mtu aliyekuwa anashindwa kufika sokoni Mgandini alienda na akarudi na mchicha. Kwa hiyo anayekwambia njia ya zamani ni mbaya mpuuze, mamilioni ya watu duniani wanatembelea magoti yaliyonyooshwa kwa timazi, na kuna hesabu iliyotoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2019 kwamba goti zima bandia kwa watu kama asilimia 82 linafika miaka 25. Tafuta kitanda changu kimoja kilichofika miaka 25, hakipo.

Ila. Mama alikuwa anasema mguu ni mrefu. Nikapima kwa futi, kweli ulikuwa umeongezeka kidogo, maana mguu wa matege ukiunyoosha lazima urefuke, ni sawa na kunyoosha waya. Alikuwa anasema akishuka ngazi anausikia "unafikiri". Akikaa muda mrefu unakakamaa. Na kwa miaka sita bi mkubwa alikuwa na mguu mmoja umenyooka na mwingine upinde, akisimama uani kwa nyuma miguu inatengeneza herufi D kabisa, wajukuu ndo waliogundua na yeye akacheka mpaka akakaa chini.

Malalamiko yangu kwa ile hospitali ni mawili tu na hayahusu mikono ya dokta, alikuwa na mikono mizuri, kovu lake hata fundi cherehani angelisifu. La kwanza, hawakupiga eksirei ya mguu mzima. Walipiga ya goti peke yake, mama amelala. Sasa unataka kuteremsha timazi kutoka nyonga mpaka kifundo na huna picha ya nyonga wala ya kifundo? Nilikuja kulijua hili baadaye, wakati ule sikujua hata cha kuuliza. La pili fizio, yaani mazoezi ya viungo. Tulipewa karatasi ya fotokopi yenye mchoro wa mzungu amelala anainua mguu, tukaambiwa kwaheri. Na sisi nyumbani tukaharibu zaidi, mama mdogo akaja na mafuta ya nazi na fatwa yake kwamba mgonjwa wa kisu hapaswi kusumbuliwa, basi mwezi mzima bi mkubwa amewekewa mto chini ya goti kama malkia. Mto chini ya goti ndo kosa kubwa kuliko yote, goti linajifunza kujikunja kidogo na linagoma kunyooka. Mpaka leo la kushoto linakunja digrii 100 hivi na hapo limeshasukumwa.

Katikati hapo, kati ya 2018 na 2024, goti la kulia likaanza nalo, na mimi usiku nikimaliza kazi nikawa nasoma. Nikakutana na kitu kilichonikalisha. Wabelgiji, timu ya dokta anaitwa Bellemans, walichukua vijana 250 wazima, wa miaka ya ishirini na kitu, hawaumwi chochote, wakawapima miguu kwa eksirei ndefu. Wakakuta wanaume asilimia 32 na wanawake asilimia 17 wana matege ya asili ya digrii tatu au zaidi. Ilitoka 2012. Yaani ile "sifuri" ambayo tunamnyooshea kila mtu, watu wengi hawajawahi kuwa nayo hata siku moja. Mama yangu akiwa na miaka 20 hakuwa nayo, picha ya harusi ushahidi.

Na miaka miwili kabla yake, 2010, watu wa hospitali ya Mayo Clinic Marekani walitazama magoti 398 waliyoyaweka miaka kumi na tano nyuma, wakayagawa, yaliyokaa ndani ya digrii tatu za timazi huku na yaliyotoka nje huku, wakategemea yaliyonyooka yatakuwa yamedumu zaidi. Hayakuwa yamedumu zaidi. Ngoja, usikimbie nayo hiyo, haisemi kwamba kupinda ni kuzuri wala kwamba fundi akate anavyotaka. Inasema tu timazi sio Msahafu.

GOTI LA PILI. Chennai, Februari 2024. Tulienda India kwa sababu dada yangu wa Muscat alisema atalipa na dada akisema atalipa huulizi kwa nini India. Tulipitia kwa wakala wa matibabu na huyo nitamrudia.

Kitu cha kwanza nilichokipenda, dokta hakuanza na picha. Alisema mama simama, mama tembea mpaka mlangoni, mama rudi. Akachuchumaa kabisa kuangalia miguu ikipita. Akaangalia na soli ya ndala, ya kulia imelika upande mmoja. Nikajua huyu fundi. Halafu wakapiga eksirei ndefu, mama amesimama, kuanzia nyonga mpaka vifundo, miguu yote miwili kwenye picha moja, na baadaye siti skani kwa ajili ya mashine. Goti la kulia lilikuwa limepinda digrii tisa. Akatueleza kwamba tisa hizo sio zote za ugonjwa, nyingine zimeletwa na gegedu kuisha na nyingine ni za mama mwenyewe, "za familia", akanitazama miguu yangu akacheka. Kazi yake ni kurudisha zilizoletwa na ugonjwa na kuheshimu zilizokuwepo.

Akachukua karatasi akachora visanduku tisa, tatu kwa tatu kama mchezo wa watoto. Kumbe ni kitu rasmi, kinaitwa CPAK, kimetoka Australia 2021 kwa dokta MacDessi na wenzake. Safu za wima zinaangalia kama mguu wako kwa asili ni wa matege, umenyooka, au magoti yanagongana, na safu za ulalo zinaangalia mteremko wa goti lenyewe umeelekea wapi. Mama alikuwa sanduku namba moja, matege na mteremko wa kuelekea ndani. Sanduku namba moja ndo mtu ambaye ukimpiga timazi unamtoa mbali sana na kwao.

Njia aliyotaka kutumia inatokana na ile inayoitwa kinematiki alaimenti. Hiyo aliyeisukuma sana ni dokta Stephen Howell wa California kuanzia miaka ya 2006 hivi, na wazo lake kwa lugha ya karakana ni hili: acha timazi, tafuta bawaba. Goti ni bawaba, linazunguka kwenye mhimili wake, na kano zote zimefungwa kufuata huo mhimili. Ukirudisha uso wa goti pale ulipokuwa kabla halijaumwa, bawaba inarudi mahali pake na kano huna haja ya kuzigusa. Hesabu yake mtu yeyote wa mbao ataipenda. Chuma kina unene fulani, basi kipande cha mfupa unachotoa kiwe na unene uleule, ukitoa upana wa msumeno, kama milimita moja, na pale gegedu ilipokwisha unahesabu milimita mbili zilizokuwepo. Howell anapima vipande vilivyokatwa kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, ileile ya mafundi. Kipande kikizidi nusu milimita anajua. Nilivyosoma hapo nikampenda huyu mzee bure.

Lakini dokta wetu hakwenda nayo mpaka mwisho, na hapa alinipa heshima kwa kunieleza kwa nini. Alisema kuna watu miguu yao ya asili imepinda kupita kiasi, ukiirudisha yote kama ilivyokuwa unapakia uzito upande mmoja wa plastiki, na magoti ya njia hii bado hayana historia ndefu kama ya timazi. Kwa hiyo anaweka mpaka. Wazo la mpaka lilitoka Montreal kwa dokta Vendittoli, mguu mzima usizidi digrii tatu kutoka kwenye mstari. Ndani ya mpaka unafuata mguu wa mtu, nje ya mpaka unamrudisha kidogo mpaka ukutani. Mama akaachiwa digrii tatu za matege yake. Nilipomtafsiria, akasema "mwambie ahsante, nilikuwa naogopa ataninyang'anya zote."

Roboti sasa, maana ndo mnachopigia simu.

Yule wakala alituambia kwa sauti ya mtu wa bima kwamba "roboti inafanya yote, dokta anasimamia tu". Uongo. Ile ilikuwa Mako, ni mkono mkubwa wa mashine unaoshika msumeno, na anayesukuma msumeno ni dokta mwenyewe. Kazi ya mkono ni kumzuia, ukitaka kutoka nje ya ramani iliyochorwa kutoka kwenye siti skani unagoma. Ni kama jigi, ile mbao unayofunga pembeni ya msumeno usikimbie. Kuna nyingine, ROSA, CORI, VELYS, kila kampuni na yake, na nyingine hazihitaji siti skani kabisa. Na roboti sio njia, hapa ndo watu wote wanachanganya! Roboti ni kifaa. Unaweza ukamwambia roboti akate kwa timazi na atakata kwa timazi vizuri sana. Unaweza ukafuata bawaba kwa kalipa ya mkono bila roboti hata moja. Ukimuuliza dokta "mna roboti?" hujauliza kitu. Uliza "mguu wangu utauacha vipi?"

Kilichonifurahisha zaidi ni skrini. Dokta alitoka baadaye akanionesha picha kwenye simu. Kabla ya kukata hata milimita moja anavuta goti huku na huku, limenyooka, halafu limekunjwa digrii 90, mashine inamwandikia pengo la ndani na pengo la nje. Anasogeza chuma kwenye kompyuta digrii nusu, milimita moja, mpaka mapengo yanalingana, ndipo anachukua msumeno. Yaani anajaribu mlango kabla hajaukata. Kano ya ndani hakuigusa kabisa.

Upande mbaya: ili mashine ijue mfupa uko wapi wanapigilia pini kwenye paja na kwenye muundi, kwa hiyo kuna vijitundu vya ziada, na vile vya muundi vilimuuma mama wiki mbili zaidi ya kovu lenyewe. Muda wa thieta ulikuwa mrefu kuliko nilivyoambiwa. Na roboti ina mstari wake peke yake kwenye bili, mstari mnene. Halafu ujue kwamba India serikali yao iliweka ukomo wa bei ya vyuma vya goti Agosti 2017, goti la kawaida la kobalti na kromu likawekewa ukomo wa rupia 54,720 kabla ya kodi, kwa hiyo ukiona bili ya vyuma imepaa ulizia wamekuwekea cha aina gani. Wakala wetu hili alikuwa halijui, au alikuwa analijua sana. Wakalimani pale walikuwepo wa Kiarabu na Kifaransa, wa Kiswahili hakuna, mkalimani nikawa mimi, na nakwambia kumtafsiria bi mkubwa neno kano wakati yuko na ganzi ya mgongo na anataka kusali si kazi ndogo. Chakula sisemi. Mama alibeba dagaa kwenye begi na manesi wote wa ghorofa ile walijua.

Jioni ileile alisimama na woka. Sikuamini. Kesho yake fizio, binti mdogo mkali kuliko mwalimu wa madrasa, asubuhi na jioni, siku kumi na mbili tulizokaa pale. Hakuna mto chini ya goti, mto ni chini ya kisigino. Ngazi siku ya tatu. Wiki ya sita tukiwa tumerudi goti linakunja 110, sasa hivi limefika 120 na kidogo.

Nilimuuliza mama hivi majuzi, achague. Akafikiri, akasema la kushoto ni mgeni wa heshima, amekaa kwetu miaka sita na bado anabisha hodi. La kulia ni mtoto wa shangazi, ameingia jikoni amefunua sufuria.

Basi mtasema nimemaliza, bawaba imeshinda. Taratibu. Goti la kulia lilipata fizio mara ishirini zaidi ya la kushoto. Lilikuwa halijaharibika kama la kushoto lilivyokuwa wakati ule. Mama mwenyewe safari hii alikuwa mzoefu, haogopi, na mama mdogo nilimzuia mlangoni na mafuta yake. Nitajuaje ni njia ya kukata na sio hayo mengine? Na hata wenye kazi yao hawajakubaliana. Kuna utafiti wa Marekani wa 2014, wagonjwa 88, waliofuatwa bawaba walikuwa na maumivu machache na walikunja zaidi baada ya miaka miwili. Mwaka 2017 New Zealand wakafanya wa kwao, karibu magoti mia, miaka miwili vilevile, hawakuona tofauti. Kanada walishawahi kuuliza wagonjwa wao wakakuta karibu mmoja kati ya watano hajaridhika na goti lake, na wote hawa madokta wanamtafuta huyo mmoja wa tano anachotaka. Mi nadhani (nadhani, nimesema) kwa mtu ambaye mguu wake wa asili uko karibu na mstari hata hatajua tofauti, timazi na bawaba zinaangukia palepale. Tofauti ni kwa watu kama sisi wenye madirisha.

Kwa hiyo ukienda kwa dokta wa mifupa, Dar, Moshi, Nairobi, Chennai, popote, mi ningesema usianze na habari za roboti. Ulizia kama watapiga eksirei ndefu ya kusimama, na wakisema haihitajiki ulizia wanapima vipi. Muulize anawanyoosha watu wote sifuri au anaangalia mguu, na kama anaangalia mpaka wake ni digrii ngapi, dokta anayejua hatakasirika, atachora. Muulize magoti mangapi anaweka kwa mwezi. Mi ningechukua mzee wa timazi aliyeweka elfu mbili kabla ya kijana wa bawaba aliyeweka kumi, hilo silifikirii hata mara mbili. Na ulizia fizio ni nani, jina lake, anakuja saa ngapi. Kama jibu ni karatasi ya fotokopi tafuta wako kabla hujaingia thieta.

Halafu waambieni wazee ukweli kuhusu kupiga magoti. Mama anasali kwenye kiti tangu 2018. Kupiga magoti hakutoboi chuma, dokta alisema akiweza na aweke kitambaa laini, lakini yeye hajisikii vizuri akipiga magoti, ganzi ya ngozi mbele ya goti na kuogopa, basi kiti. Choo cha kuchuchumaa hapana, nilibadilisha kabla hajasafiri. Hakuna njia ya kukata niliyoiona mimi inayomrudisha bi mkubwa kwenye choo cha kuchuchumaa, na wakala akikuahidi hilo kata simu.

Nyota. Goti la kwanza: dokta nne, hospitali mbili, sisi nyumbani sifuri. Goti la pili: dokta tano, fizio tano na nusu, wakala ningempa ya chini ya sifuri kama ipo, dagaa tano.

Kilichokuwa kinamuumiza mama kuliko sala ya kwenye kiti, amini usiamini, ni mbuzi. Mbuzi ya kukunia nazi iko chini sana, ukikaa magoti yanapanda kifuani, na yeye nazi ya mashine anaiita maji ya kuoshea. Mwezi wa nane nikamtengenezea mbuzi ndefu, mninga, kimo cha stuli, ulimi wa chuma nimehamisha kutoka kwenye ile ya bibi. Akakaa, akakuna nusu kifuu, akasimama bila kushika ukuta. Akaizunguka. Akasema inayumba, mguu mmoja mfupi. Nikamwambia mama haiyumbi, nimepima. Akasema pima tena.

Nikapima. Milimita mbili.